Kuisoma Risiti ya LUKU: Fedha ya Umeme Inavyogawanyika

Mteja ananunua umeme wa shilingi 5,000 katika wiki ya mwisho ya mwezi na kupata uniti 14. Siku chache baadaye, mwezi mpya ukiwa umeanza, ananunua tena kwa kiasi kilekile na kupata uniti 9.8. Mita ni ileile, nyumba ni ileile, wala hakusikia tangazo lolote la kupanda kwa bei. Baadhi ya wateja wakifikwa na jambo hili huamini kwamba wameibiwa. Wengine hunung'unika, wakaingiza tarakimu zao na kunyamaza. Wachache huisoma risiti mstari kwa mstari, na hao ndio hufahamu kilichotokea.

Somo hili limeandaliwa ili wachache hao wawe wengi. Lengo lake ni kumwezesha mtumiaji wa umeme wa nyumbani katika Tanzania Bara kufanya mambo matatu: kufahamu maana ya kila mstari wa risiti yake, kukokotoa mwenyewe idadi ya uniti anazostahili, na kutambua hesabu isiyokuwa sahihi ili ailalamikie kwa ushahidi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na umeme ni mali kama mali nyingine.

Mifano yote imetumia bei za umeme za agizo lililoanza kutumika Aprili 2016, Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 na viwango vya kodi ya jengo vya mwaka 2023. Linganisha viwango hivyo na vilivyo katika risiti yako. Hata kiwango kimoja kikibadilika, njia ya kukokotoa hubaki ileile.

1. Uniti ni nini?

Mteja wa LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, hununua uniti. Uniti moja ni kilowati-saa moja: kiasi cha umeme kinachotumiwa na kifaa chenye nguvu ya wati 1,000 kikifanya kazi kwa saa moja. Hapa kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Wati hueleza ukali wa kifaa katika kula umeme, ilhali uniti hueleza kiasi kilicholiwa baada ya muda fulani. Jagi la umeme la wati 2,000 ni kali sana, lakini likichemsha maji kwa dakika sita hutumia uniti 0.2 tu. Taa ya wati 60 huonekana dhaifu, lakini ikiwaka saa tano kila usiku hutumia uniti 9 kwa mwezi. Ukiweka mahali pake taa ya wati 9, matumizi hayo hushuka hadi uniti 1.35.

Kanuni ni nyepesi: zidisha wati za kifaa kwa saa kinazofanya kazi, kisha gawanya kwa 1,000. Pasi ya wati 1,000 inayotumika nusu saa kila siku hula uniti 15 katika siku 30. Runinga ya wati 80 inayowashwa saa sita kila siku hula uniti 14.4. Kwa friji, kanuni hii haitoshi, kwa sababu mota yake huwaka na kuzima yenyewe kutegemea joto. Njia bora kwa friji ni kusoma mita usiku kabla ya kulala na kuisoma tena alfajiri, wakati vifaa vingine vimezimwa.

2. Kundi la bei: mstari wenye uzito kuliko yote

Bei ya uniti haifanani kwa wateja wote. Wateja wa nyumbani huwa katika mojawapo ya makundi mawili.

Kundi la D1 ni la wateja wa majumbani wenye matumizi madogo, ambao wastani wao hauzidi uniti 75 kwa mwezi. Hawa hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti ya 75. Uniti zinazozidi hapo ndani ya mwezi huohuo hulipiwa shilingi 350 kila moja.

Kundi la T1 ni la matumizi ya kawaida, zikiwemo nyumba zenye matumizi makubwa zaidi na biashara ndogondogo. Bei yake ni shilingi 292 kwa uniti, kuanzia uniti ya kwanza hadi ya mwisho.

Bei hizi hazina kodi ndani yake. Ukiongeza kodi na tozo zitakazoelezwa hapa chini, uniti ya D1 humfikia mteja kwa shilingi 122, uniti ya D1 iliyozidi 75 humfikia kwa shilingi 427, na uniti ya T1 kwa shilingi 356.24. Uniti 75 humgharimu mteja wa D1 shilingi 9,150; uniti hizohizo humgharimu mteja wa T1 shilingi 26,718. Kwa hiyo, swali la kwanza la kujiuliza unapoishika risiti ni hili: mimi nimewekwa kundi gani, na je, kundi hilo linaendana na matumizi yangu halisi?

Wateja wa zamani watakumbuka kwamba kabla ya agizo la Aprili 2016, mteja wa T1 alitozwa pia gharama ya huduma ya shilingi 5,520 kila mwezi, awe ametumia umeme au hakutumia. Gharama hiyo iliondolewa. Endapo mtu atakudai "gharama ya huduma" juu ya mita yako ya nyumbani, mwombe akuonyeshe imeandikwa wapi.

3. Kodi na tozo zinazoambatana na umeme

Juu ya bei ya umeme huongezwa vitu vitatu:

a) Kodi ya Ongezeko la Thamani, asilimia 18, inayokwenda Serikalini.

b) Tozo ya nishati vijijini, asilimia 3, inayokwenda katika Mfuko wa Nishati Vijijini unaosimamiwa chini ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA). Huu ni mchango wa mwenye umeme kwa yule ambaye nguzo bado hazijamfikia.

c) Tozo ya udhibiti, asilimia 1, inayokwenda kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Tunaitaja bila kuficha, kwa kuwa mteja anayo haki ya kujua kwamba mdhibiti naye hulipwa kutokana na risiti yake, na kwa sababu hiyo anayo haki ya kumtaka mdhibiti huyo afanye kazi.

Jumla ni asilimia 22. Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Mtu huchukua shilingi 10,000, akaondoa asilimia 22, akabaki na 7,800. Hiyo si sahihi, kwa kuwa asilimia 22 hutozwa juu ya bei ya umeme, si juu ya fedha yote uliyotoa. Njia sahihi ni kugawanya fedha uliyotoa kwa 1.22. Risiti ya shilingi 10,000 isiyo na makato mengine itasomeka hivi:

Bei ya umeme: 8,196.72
Kodi ya Ongezeko la Thamani: 1,475.41
Tozo ya REA: 245.90
Tozo ya EWURA: 81.97
Jumla: 10,000.00

Mteja wa T1 atagawanya 8,196.72 kwa 292 na kupata uniti 28.07. Risiti yako ikionyesha uniti 28 na ushee kwa shilingi 10,000, hesabu iko sawa.

4. Kodi ya jengo: jibu la fumbo la mwanzo wa mwezi

Tangu Agosti 2021, kodi ya jengo hukusanywa kupitia mita za LUKU. Kodi hii si gharama ya umeme. Mita imetumiwa kama mlango wa kuikusanya tu. Kwa viwango vya mwaka 2023, nyumba ya kawaida hulipiwa shilingi 18,000 kwa mwaka, yaani shilingi 1,500 kila mwezi. Nyumba ya ghorofa hulipiwa shilingi 90,000 kwa mwaka kwa kila sakafu, yaani shilingi 7,500 kwa mwezi.

Makato hufanyika katika ununuzi wa kwanza wa mwezi, kabla ya hesabu ya umeme kuanza. Sasa turudi kwa mteja wetu wa shilingi 5,000. Mwishoni mwa mwezi hakuwa na makato: 5,000 gawanya kwa 1.22, kisha gawanya kwa 292, akapata uniti 14. Mwanzoni mwa mwezi zilikatwa kwanza shilingi 1,500, zikabaki 3,500. Hizo ukizigawanya kwa 1.22 unapata 2,868.85, na ukigawanya tena kwa 292 unapata uniti 9.8. Hakuna aliyemwibia. Lakini hakuna pia aliyemweleza, na hilo nalo ni upungufu.

Kuna mambo matatu ya kuzingatia kuhusu kodi hii.

Kwanza, hujilimbikiza. Asiyenunua umeme kwa miezi mitatu hukuta makato ya miezi hiyo yakimsubiri katika ununuzi unaofuata. Anayesafiri au kufunga nyumba kwa muda mrefu aitengee fedha hiyo kabla ya kurejea.

Pili, ni kodi ya mwenye jengo. Mpangaji anayenunua umeme huilipa kwa niaba ya mwenye nyumba. Ni busara wawili hawa wakubaliane mapema, ikiwezekana kwa maandishi katika mkataba wa pango, kwamba kiasi hicho kitapunguzwa katika kodi ya pango. Kwa mwaka mzima ni shilingi 18,000, fedha ambayo katika kaya nyingi haitupwi. Mpangaji atunze risiti za ununuzi wa kwanza wa kila mwezi, kwani ndizo zitakazozungumza kwa niaba yake.

Tatu, jengo moja halipaswi kulipiwa mara mbili. Nyumba yenye mita tatu haina sababu ya kukatwa kodi mara tatu kwa jengo lilelile. Aidha, sheria inatoa msamaha kwa baadhi ya wamiliki, wakiwemo wazee wa miaka 60 na zaidi na watu wenye ulemavu wasio na kipato, kwa nyumba wanayoishi wenyewe. Mita haiwezi kujua umri wa mwenye nyumba, hivyo msamaha hauji wenyewe, huombwa. Aanzie ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji, akiwa na kitambulisho na namba ya mita.

5. Hasara mbili zinazoweza kuepukwa

*Kununua kwa wingi ukiwa D1.* Katika kundi la D1, uniti 75 za bei nafuu huhesabiwa kwa mwezi, na kinachohesabiwa ni ulichonunua, si ulichokwisha kukitumia. Chukulia bibi anayeishi kijijini na taa chache, redio na chaji ya simu, lakini pia ana friji ndogo, hivyo matumizi yake hufikia karibu uniti 75 kila mwezi. Mwanawe aliye mjini, kwa nia njema kabisa, anamnunulia umeme wa shilingi 20,000 kwa mkupuo, "ili umfae miezi miwili". Tuchukulie kodi ya jengo imekwisha kulipwa. Fedha hiyo ikigawanywa kwa 1.22 inakuwa 16,393.44. Shilingi 7,500 za kwanza zinampa uniti 75. Shilingi 8,893.44 zilizobaki zinagawanywa kwa 350, nazo zinampa uniti 25.4 pekee. Jumla ni uniti 100.4.

Laiti angenunua shilingi 9,150 mwezi huu na shilingi 9,150 mwezi ujao, bibi angepata uniti 150 kwa shilingi 18,300. Kijana ametumia fedha nyingi zaidi, na bibi amepungukiwa na uniti karibu 50. Zaidi ya hayo, ununuzi mkubwa ukijirudia huonyesha kana kwamba bibi si mtumiaji mdogo tena, na huweza kuwa sababu ya kuhamishiwa T1. Mteja wa D1 anunue umeme wa mwezi ndani ya mwezi wake.

*Kaya nyingi katika mita moja.* Chukulia nyumba ya kupanga yenye kaya nne, kila moja ikitumia uniti 40 kwa mwezi. Kila kaya, ingekuwa na mita yake, ingestahili D1 na ingelipa shilingi 4,880. Lakini wakichangia mita moja, mita huona matumizi ya uniti 160, na nyumba nzima huwa T1. Uniti 160 za T1 hugharimu shilingi 56,998, na mgawo wa kila kaya huwa takriban shilingi 14,250. Kaya zenye kipato kidogo zaidi ndizo mara nyingi zinazopanga chumba kimoja, na kwa kuchangia mita zinakosa nafuu iliyowekwa kwa ajili yao. Wapangaji na mwenye nyumba wanapojadili gharama ya kuomba mita ya pili au ya tatu, waiweke hesabu hii mezani.

Wanaoendelea kuchangia, wagawane kwa matumizi badala ya vichwa. Mwenye friji na mwenye taa mbili hawalingani. Kanuni ya wati na saa tuliyoiona katika sehemu ya kwanza itasaidia kupata mgawo wa haki, na itapunguza ugomvi wa uani.

6. Hatua tano za kukagua risiti

i. Hakikisha namba ya mita iliyo kwenye risiti ni yako. Kosa la tarakimu moja huweza kupeleka umeme kwa jirani usiyemjua.

ii. Tazama kama kuna makato ya kodi ya jengo au deni. Ondoa makato hayo kwanza. Kama ni deni usilolitambua, uliza chanzo chake.

iii. Fedha iliyobaki igawanye kwa 1.22.

iv. Kinachopatikana kigawanye kwa bei ya kundi lako: 292 kwa T1, 100 kwa D1 hadi uniti 75 za mwezi, na 350 kwa zinazozidi.

v. Linganisha jibu lako na uniti zilizoandikwa. Tofauti ndogo ya desimali si tatizo. Tofauti ya uniti nzima au zaidi inahitaji maelezo.

Hesabu ikiwa sahihi lakini umeme ukaisha upesi, kagua matumizi. Zima swichi kuu ya nyumba na uitazame taa ya mita inayopepesa wakati umeme unapotumika. Ikiendelea kupepesa, huenda kuna hitilafu au mtu mwingine aliyeunganishwa baada ya mita yako. Usiifungue mita wala kukata lakiri yake. Toa taarifa.

7. Ukiona kasoro

Lalamiko hupelekwa kwanza kwa mtoa huduma, ambaye kwa wateja wengi ni Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO). Peleka kwa maandishi, ukitaja namba ya mita, tarehe, kiasi ulicholipa, uniti ulizopata na uniti unazoona ungestahili kupata. Ambatisha risiti au ujumbe wa simu wenye tarakimu 20 za umeme, na uombe namba ya kumbukumbu ya lalamiko lako. Sentensi "umeme unaisha haraka" ni vigumu kuijibu. Sentensi "nililipa 10,000, sikuwa na makato, nikapata uniti 22 badala ya 28" haina pa kukwepea.

Usiporidhika na majibu, wasilisha lalamiko EWURA. Mamlaka itazikutanisha pande mbili, na pasipopatikana suluhu itasikiliza shauri na kutoa uamuzi. Asiyeridhika na uamuzi huo anaweza kukata rufaa Baraza la Ushindani. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA CCC), ambalo kazi yake ni kumtetea na kumwelimisha mtumiaji. Baraza hilo huwasemea watumiaji pia katika taftishi, yaani mikutano ya wazi inayofanyika kabla bei mpya haijapitishwa. Mikutano hiyo iko wazi kwa wananchi, na anayejua kusoma risiti yake huingia humo akiwa na la kusema.

Maswali ya kujipima

1. Mteja wa T1 amenunua umeme wa shilingi 15,000, naye ameshalipa kodi ya jengo ya mwezi huo. Atapata uniti ngapi?

2. Mteja wa D1 amekwisha kununua uniti 60 mwezi huu. Ananunua tena kwa shilingi 5,000, bila makato. Atapata uniti ngapi?

3. Mteja wa T1 mwenye nyumba ya kawaida hakununua umeme kwa miezi mitatu. Mwezi wa nne ananunua kwa shilingi 10,000. Atapata uniti ngapi?

Majibu

1. 15,000 ÷ 1.22 = 12,295.08. Gawanya kwa 292: uniti 42.1.

2. 5,000 ÷ 1.22 = 4,098.36. Uniti 15 za kwanza ni shilingi 1,500. Zinabaki 2,598.36, ambazo zikigawanywa kwa 350 ni uniti 7.4. Jumla ni uniti 22.4.

3. Kodi ya miezi minne ni shilingi 6,000. Zinabaki 4,000, ÷ 1.22 = 3,278.69. Gawanya kwa 292: uniti 11.2.

Aliyepata majibu haya matatu achukue sasa risiti yake ya mwisho na kuikokotoa. Kisha amfundishe mtu mmoja nyumbani, hasa yule anayetumwa kununua umeme.